Kwato za Farasi Mwekundu

Omurzak akisema anatoka na farasi wakati wa theluji, mkewe Burul alikuwa na nafasi ya kukanda unga, kuoka mkate na kumpelekea ungali moto, maana angemkuta bado yuko uani. Kwanza Omurzak aliibana lijamu kwapani mpaka chuma kipate joto, asije akamtia mnyama barafu mdomoni. Kisha alimwinua mguu mmoja baada ya mwingine, akachokonoa theluji, akazipaka nyayo mafuta ya mkia wa kondoo ili theluji isigande humo ikawa mabonge. Mkanda wa tandiko aliukaza, akamtembeza farasi kidogo, akaukaza tena. Watu wa bonde lao la At-Bashi walimcheka, na haohao walimwendea kumuuliza kama mteremko fulani unapitika. Tangu utu uzima hakuwahi kuanguka, na sifichi, jambo hilo alilijua kupita kiasi.

Aliyemcheka kuliko wote alikuwa mkwe wake Jumgalbek, wa kijiji cha nyuma ya kilima, baba wa kijana aliyemwoa binti yake Ainagul. Jumgalbek alikwenda shoti kiangazi, shoti kipupwe, na mdomo wake ulikwenda shoti pia. Siku moja alikuja kuwatembelea kwa farasi wake mwekundu mwenye doa jeupe usoni, akakalishwa mahali pa heshima, akala akashiba, ndipo akaanza.

"Mkwe, nasikia ulialikwa arusi ukafika mtoto ameshaota meno."

"Nilifika na miguu yangu yote miwili," Omurzak akajibu.

"Ulifika nayo, ila nyama ilikuwa imeisha. Hebu tuambie ukweli, hivi wewe ndiye unayempanda farasi, au yeye ndiye anayekupanda?"

Majirani waliokuwepo wakacheka. Burul naye akacheka, na hicho ndicho kilichomchoma Omurzak. Akachukua birika mwenyewe. Kwao chai humiminwa kidogo tu, bakuli lipate kurudi mara nyingi na mgeni akae. Bakuli likijazwa pomoni, mgeni anajua anaambiwa njia inamsubiri. Omurzak alilijaza la mkwe wake mpaka chai ikagusa ukingo. Jumgalbek akalitazama, akainywa, akashukuru, akainuka. Nje theluji ilikuwa imeanza kuanguka.

Omurzak akamfuata kumshikia kikuku cha kupandia farasi, kama inavyompasa mwenyeji. Hapo ndipo alipoona. Farasi mwekundu aliinua mguu wa nyuma kupumzika, na chuma cha kwato kilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Yale meno ya kushika barafu yalikwisha kulika yote, na theluji ilishaanza kujigandisha katikati. Lilihitajika neno moja tu. Lakini kumwambia mkwe, mbele ya watu, langoni kwako, kwamba farasi wake hana vyuma vya maana, ni kumvunjia heshima. Hivyo ndivyo Omurzak alivyojiambia. Chini ya hilo kulikuwa na jingine, dogo na baya: ateleze kidogo, naye apate adabu. Akamshikia kikuku, akamtakia safari njema.

Farasi alianguka kwenye mteremko wa nyuma ya kilima, pale Jumgalbek alipoukata kwa ubavu huku akimharakisha. Mfupa wa paja la mkwe ulivunjika chini ya uzito wa mnyama. Alilazwa hospitali, akarudishwa nyumbani na vyuma ndani ya mguu. Tangu siku hiyo Omurzak alikuwa akiamka anakiona kile chuma laini.

Kisha Ainagul akapiga simu.

"Baba, njoo. Baba mkwe anasema yule farasi ana kisirani, Ijumaa anamchinja. Tilek analia tu, mjukuu wako amejifunzia kupanda kwa huyohuyo. Wewe ukimwambia farasi hana kosa atakusikiliza. Kwa mambo ya farasi anakuheshimu, ingawa anakutania."

"Nitakuja."

"Uje mapema, baba. Wanaanza kabla ya adhuhuri."

Angeweza kusema alichokiona palepale kwenye simu. Akajiambia mambo kama hayo husemwa ana kwa ana.

Ijumaa alfajiri akaanza na lijamu kwapani. Akachokonoa kwato, akapaka mafuta, akakaza mkanda, akautazama tena. Burul akamwambia, "Leo si siku ya kubembeleza farasi, mzee." Akapanda, akaondoka. Njia fupi ilipita juu ya mto ulioganda, na watu walikuwa wakivuka wiki nzima. Lakini barafu ilikuwa imefunikwa na theluji mpya, na chini ya theluji mpya huwezi kuona ufa. Akazunguka hadi darajani. Penye utelezi akatoa miguu kwenye vikuku, akamlegezea farasi hatamu achague mwenyewe pa kukanyaga. Kwenye mteremko alishuka akamwongoza kwa miguu, wakishuka moja kwa moja bila kuukata kwa ubavu. Farasi alipotoa jasho akamtembeza polepole lisije likamgandia mgongoni. Kila alilofanya lilikuwa sahihi, na hakuna ambaye angemlaumu hata kwa moja. Ni yeye tu aliyejua kwamba kila aliposimama kuangalia kwato, moyo wake ulipata nafuu kidogo.

Alipofika, ngozi nyekundu ilikuwa imetandazwa juu ya uzio, na theluji ilikuwa ikiangukia upande wenye manyoya.

Jumgalbek alikuwa ameegemea magodoro, mguu ameunyoosha. Sinia la maini na nyama iliyokaangwa lilikuwa mbele yake.

"Tumekusubiri, mkwe, ila tunakujua," akasema, akimsogezea kipande kilichonona. "Kula. Huyu alinitupa, leo namla mimi."

Mgeni wa heshima hakatai nyama aliyopewa. Omurzak aliishika mkononi, ikawa inapoa vidoleni mwake.

"Vyuma vyake vilikuwa vimelika," akasema. "Niliviona langoni kwangu. Nikanyamaza."

Ainagul, aliyekuwa anamimina chai, akasimamisha birika.

"Najua," Jumgalbek akasema, bila utani hata kidogo. "Nilikuona unaangalia mguu wake. Nikajua kuna kitu. Nikasema moyoni, sishuki, sikupi raha hiyo baada ya lile bakuli."

"Basi mbona umemchinja?"

"Ungetaka nimchinje nani?"

Hawakutazamana. Uani Tilek alikuwa akilia karibu na uzio, na hakuna aliyetoka kumnyamazisha. Omurzak alikula ile nyama kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Ainagul alipiga magoti mbele ya baba yake, akalichukua bakuli lake. Akamimina. Hakuacha pale mikono yake ilipozoea kuacha tangu utotoni, pale alipofundishwa na mama yake. Aliendelea mpaka chai ikagusa ukingo, akaliweka mbele yake kwa mikono miwili, kwa adabu, akainamisha macho.

Omurzak aliinywa yote, ikimuunguza, akainuka akavaa kofia yake.