Fundi Kesho na Suruali za Mtaa

Alizaliwa mwaka 1949, wiki tatu baada ya siku aliyoitaja mkunga, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Baba yake, mpiga kengele wa kanisa, aliuawa na pombe kali kabla hajafika miaka arobaini. Yeye, kifungua mimba, akarithi cherehani ya mama na mdogo wake wa kiume wa kulea. Dirisha la chumba chake cha kushonea lilitazama kilabu cha pombe. Tusidanganyane, wapendwa: mtaa ule, nyumba isiyo na mlevi ilikuwa ile isiyo na paa. Aliona waashi, walimu na mzee mmoja wa kanisa (namsitiri, mwenyewe anajijua) wakiingia wima na kutoka kwa magoti. Baadaye vikaja vidonge vya kulevya, wakaingia na wenye sare za shule.

Wito ulimjia mchana wa Jumanne. Mdogo wake, mwashi, alikuwa ameambiwa na daktari kwamba ini lake halitavumilia tena. Akaleta suruali yake ya pekee ishonwe goti, akangoja amejifunga shuka. Kazi ilikwisha kwa dakika kumi. Fundi akatazama dirishani, akaikalia ile suruali.

"Dada, vipi suruali?"

"Kesho."

"Kesho? Sasa nitatokaje na shuka?"

"Hutoki. Kaa ule."

Alitetemeka, akatapika, akatukana ukoo mzima, akisahau kuwa ni wake. Muuguzi jirani akaitwa kumtundikia maji. Baada ya mwezi alisimama. Ndipo wake za watu wakaanza kuleta suruali za waume zao.

"Imechanika wapi?"

"Wewe tafuta tu, mama."

Mwenye kilabu alimshtaki kwa padre kuwa ni mwongo. Fundi akajibu, "Baba, umeona fundi gani msema kweli?" Padre, aliyekuwa akiingojea kanzu yake kwa mwezi wa tano sasa, akaifuta kesi.

Lakini walioacha walikuwa wachache. Wengi aliwashonea sanda, na hizo hazikuchelewa. Mdogo wake alirudia pombe mara nne. Mara ya nne fundi alimwambia, "Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka kweli. Leta hiyo suruali."

Fundi alifariki mwaka 2011, kichwa kimelala juu ya cherehani. Sandukuni zilikutwa suruali kumi na moja, zote zimekwisha kushonwa, zimepigwa pasi. Ya mdogo wake ilikuwa juu kabisa. Msiba ulikuwa umemtia kiu huyo mdogo, na kilabu kilikuwa wazi ng'ambo ya barabara. Aliishika suruali yake muda mrefu. Kisha akairudisha, akafunga sanduku, akaketi juu yake, na siku ya maziko akamzika dada yake huku yeye mwenyewe amejifunga shuka, mbele ya padre na wakwe. Walipomuuliza atavaa lini, alijibu, "Kesho."

Hajanywa hadi leo. Sisi tusioweza kufufua wafu, tumwige fundi kwa hili dogo: kukalia suruali ya mtu siku moja, na tukiisha kuchoka, siku moja tena.