Tombola ya Tiketi za Kabongo

Katika ofisi ya serikali pale Kamina, miaka ile ya tisini, mimi ndiye niliyekuwa idara nzima ya michezo ya bahati. Meza moja, kiti kimoja, na mimi. Karata za sokoni, gurudumu la bahati, tombola: hakuna aliyeruhusiwa kuchezesha bila kibali chenye saini yangu. Wenzangu walinitania kwamba nasimamia bahati za watu na yangu imenishinda. Nilikasirika kila mara, maana nilikuwa na kichwa kigumu na niliipenda sana ile sheria.

Ilitoka Lubumbashi na ilikuwa fupi. Tiketi ziwe na nambari na muhuri wa serikali. Nambari ya mshindi itolewe mchana, mbele ya watu na mbele yangu. Mshindi akabidhi tiketi yake papo hapo ndipo apewe zawadi; asipoikabidhi, inatolewa nambari nyingine. Niliijua kama sala.

Vita vilipoanza tena, karatasi ziliadimika, na treni pia. Ndipo akaja mzee mmoja, muuza tiketi wa stesheni aliyestaafu, kuomba kibali cha tombola ya kuezeka shule ya mtaa wa reli. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya. Mfanyabiashara aliyeitoa, Mwislamu wa ukoo wa Maniema, alisema hatagusa tiketi hata moja kwa kuwa kamari ni haramu, lakini paa la shule si haramu.

"Tiketi ziko wapi?" nikamuuliza mzee.

Akafungua sanduku la tiketi za treni za zamani, za kadi ngumu, kila moja na nambari yake. Zote zilikuwa zimeandikwa Kamina–Kabongo.

"Mukubwa, numero iko. Karatasi iko nguvu. Unatafuta nini tena?"

Nikaona huyu ana akili. Muhuri wa michezo ya bahati niliouomba Lubumbashi ulikuwa bado haujafika, basi nikachukua uliokuwemo kwenye droo, wenye nembo ya serikali na neno moja la Kifaransa: VALABLE, yaani inatumika. Nikagonga asubuhi nzima, nikipiga mluzi.

Siku ya tombola tulipanga meza uwanjani kwa shule, na watu hawakuja. Tukasikia honi ya treni, ya kwanza baada ya miezi mingi, iendayo Kabongo. Punde akafika mtu mbio kuniita stesheni.

Mlangoni pa behewa alisimama mama mmoja, mjane wa mfanyakazi wa reli, na furushi la nguo za mtoto mchanga kichwani. Nyuma yake, foleni ndefu ya wanunuzi wangu wa tombola. Mkaguzi wa tiketi alikuwa ameuziba mlango kwa mkono.

"Mama, hii iko ya tombola, haiko ya treni."

"Minyi najua kusoma. Hapa: Kamina, Kabongo. Hapa: valable. Muhuri iko ya serikali."

Mkaguzi akanigeukia. "Njo weye uliandika?"

"Njo minyi," nikakiri kwamba ndiye mimi, nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama akanieleza bila kupaza sauti. Binti yake alikuwa amejifungua huko Kabongo tangu mvua za kwanza, mtoto wake wa kwanza, na yeye bibi hajamtia machoni. Treni hii ikimwacha, nani ajuaye nyingine itakuja lini? Mkaguzi akautazama muhuri wangu, akakuna kichwa, akacheka.

"Mama peke yake! Bengine barudi. Na tiketi ashike mpaka Kabongo, nitaichukulia kule."

Foleni ikaguna, kisha ikacheka pia. Nami nikaona kwamba watu ambao sheria inataka washuhudie tombola wamejaa hapa hapa. Nikaagiza meza, baiskeli na sufuria yenye nambari viletwe. Mzee akatumbukiza mkono, akasoma nambari kwa sauti yake ya zamani ya stesheni. Watu wakakagua tiketi zao. Kisha kutoka dirishani mwa behewa:

"Iko yangu!"

Stesheni nzima ikapiga vigelegele. Nikaisukuma baiskeli hadi chini ya dirisha, nimefurahi kana kwamba nimeshinda mimi.

"Mama, lete tiketi, shika kinga yako, baiskeli hii!"

"Nikikupatia tiketi, nitaenda na nini?"

Nikamtazama mkaguzi. Akatikisa kichwa: bila tiketi, ashuke. Honi ikalia. Mama akanyoosha mkono, akaigonga kengele ya baiskeli mara moja, akatabasamu.

"Iko muzuri sana, mutoto yangu. Toa numero ingine."

Treni ikaanza kwenda. Hapo, kwa mara ya kwanza katika kazi yangu, nikataka kuivunja sheria, na nilikuwa nimechelewa. Nikakimbia kando ya behewa na baiskeli mikononi, nikimwambia aichukue tu, aichukue na tiketi abaki nayo. Yeye akicheka, akinipungia kwa kitenge.

"Rudia nyuma, utaanguka! Bantu banakungoja!"

Nikarudi kwa watu, nao wakinicheka mpaka wanashika mbavu. Nikatia mkono wangu mwenyewe ndani ya sufuria, nikatoa nambari, na ikabidi mzee anisomee, maana machozi yalikuwa yamenijaa machoni.