Shira kwenye Sharubu

Orrin Tatro hakuwahi kuogopa moto, wala theluji, wala dubu wa milima ya Vermont. Siku hiyo aliogopa mashine. Kila machipuko, tangu ujana wake, alichemsha utomvu wa miti ya mepo mpaka ukawa shira. Mwaka huu aliunguza karai, akaunguza na la pili, na bintiye Colette hakumung'unya maneno: picha za ubongo zikionyesha ule ugonjwa wa kusahau, baba hawashi tena moto kwenye banda la kuchemshia. Bila lile banda, Orrin alijiona maiti anayengoja kuzikwa.

Hospitalini muuguzi alimchoma kidole kwanza, kisha akakunja uso. "Mzee, si tulikwambia usile kitu? Sukari iko juu. Tukipiga picha hivi, zitatudanganya."

"Sijatia kitu mdomoni."

Mkewe, Lorraine, akamsogelea, akamnusa sharubu. "Orrin! Umeonja shira!"

"Nani, mimi?"

"Unanuka banda zima! Nimekukumbusha jana, nikakukumbusha leo ukivaa buti. Ukanijibu, 'Nimesikia, mama, punguza kelele.'"

Mchemshaji gani wa milima ile haonji? Shira ya kwanza ya asubuhi hukingwa kwenye kikombe ikanywewa ingali moto, na mkono huenda wenyewe. Lakini Orrin aliitafuta asubuhi ile kichwani, akitafuta buti, mvuke, kikombe, sauti ya mkewe, asipate hata kimoja. Kumbe hata mashine haikuhitajika.

Lorraine naye alikuwa ameacha kufoka. "Mume wangu," akauliza polepole, "hukumbuki?"

Orrin akajichekesha. "Nakumbuka sana! Nimekunywa makusudi, kikombe kizima. Hiyo mashine yenu naiogopa, basi!"

"Mwoga mkubwa wee!" Lorraine akampiga kofi la bega, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Pande la mtu kama wewe! Umenirusha roho bure."

Muuguzi akawapangia siku nyingine. Njia nzima ya kurudi Lorraine alimtania, akiapa kwamba majirani wote watapata habari.

"Mwoga, ndiyo," Orrin aliitikia, huku akijilamba sharubu. Utamu ulikuwepo kweli, na hakujua umefikaje pale.