Lavanda ya Mama na Kokoto za Reli

Wenzangu mliokulia kwenye nyumba za reli hapa Kamina, fumbeni macho kidogo. Mnasikia king'ora cha kazi asubuhi? Mnasikia mafagio? Wakati wetu kiwanja kilifagiliwa mpaka ardhi inang'aa, na mama aliyeacha jani moja mbele ya mlango alisemwa hadi kwenye robine ya maji. Jioni ilikuwa bukari, ndiyo ugali wetu, na mboga ya lengalenga, na samaki akipatikana kila mtoto alimfunika wake kwa mkono kama askari. Tuliruka kamba mpaka vumbi jekundu likaingia kwenye meno. Wajukuu wangu leo wanaruka kwa kidole gumba tu, juu ya simu, na bado wanalia mgongo.

Kila kitu kilichopandwa kwenye viwanja vile kiliingia chunguni. Matembele, sombe ya muhogo, vitunguu. Sasa mama yangu, aliyekuwa anafulia masista wa misheni mashuka, siku moja akarudi na kitawi cha majani ya kijivu kimefungwa kwenye kitambaa kibichi. Sista alimwambia kinaitwa lavanda, kinanukia vizuri na kinafukuza nondo kwenye nguo. Mama akakipanda palepale mbele ya mlango. Hata mimi mtoto nilikitilia mashaka. Jani linanuka sabuni! Hiyo sabuni ilifikaje ndani ya ardhi?

Jirani yetu alikuwa Mama Ngoie, mke wa fundi wa reli. Chumvi na makaa ya moto vilipita kati ya nyumba zetu bila mtu kuomba, na mikono yake ndiyo iliyonipokea nilipozaliwa. Alikuja kuona, mikono kiunoni.

"Hiyi majani banakulaka?"

"Habakule," mama akajibu.

"Njo dawa?"

"Hapana dawa."

"Basi iko ya nini?"

"Ya kunusa."

"Ya kunusa! Vidye, Mungu wangu! Mwanamuke muzima na batoto yake anapanda kitu ya kunusa, na batoto banataka kula!"

Walicheka wote wawili. Lakini niliona macho ya Mama Ngoie hayakucheka. Yalibaki kwenye lile jani.

Mama alikitunza kile kitawi kama alivyotunza lengalenga. Samadi ya mbuzi, maji asubuhi, maji jioni, na tena ilikuwa majira ya mvua. Kikaanza kuwa cheusi kutoka chini, kikainama, kikafa. Mama hakuyawazia maji hata kidogo. Kwetu nani aliwahi kuona maji yanaua mboga? Yeye alitazama ng'ambo ya ua.

"Mama Ngoie, weye njo uliua muti yangu!"

"Minyi? Nitafanya nini na majani yenye haijaze hata sahani?"

"Ulikuwa unaiangalia sana!"

"Macho ni yangu, nitaangalia kwenye nataka!"

Kuanzia hapo chumvi haikupita tena. Tulikatazwa kula kwao hata tonge. Ngoie binti yake ndiye aliyekuwa akinishikia kamba upande wa pili. Nikabaki naifunga kwenye mti wa papai.

Masista walimpa mama kitawi kingine. Safari hii akakilinda. Aliinua tuta refu kama la viazi vitamu, kwenye jua kali, mahali anapoweza kuliona akiwa jikoni. Akalizungushia kokoto zilizomwagika kando ya reli, tata, yaani baba, alizibeba kwenye gunia, ili mtu akikanyaga zilie. Juu yake akanyunyiza majivu ya mbabula, jiko letu la makaa, ili wayo uonekane. Na maji akayapiga marufuku, kwa sababu mwenye sumu angekuja na ndoo. "Nikiona tone moja hapa," alituambia, "mwenye kulimwaga atalala njaa!" Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, alikuwa ameinama anatafuta nyayo. Alizipata za kuku tu.

Na lavanda ikaota, wenzangu! Ikawa kichaka, maua ya zambarau, nyuki wanaimba. Mama aliyakata, akayakausha na kuyaweka sandukuni kati ya nguo za kazi za tata, na tata akawa anakwenda stesheni ananukia kama askofu. "Mnaona?" mama alisema. "Tangu nilinde, amekosa pa kupitia." Mstari mzima wa nyumba ulimwamini. Mimi pia.

Halafu mume wa Mama Ngoie akahamishiwa kituo kingine, upande wa Kabongo. Siku vitu vyao vinapakiwa, Mama Ngoie alikuja akasimama kwenye ua wetu, akamwita mama kwa jina la usichana. Mama alikuwa anafagia. Aliendelea kufagia.

Leo mimi ni nkambo, bibi mwenye wajukuu, na nimepanda lavanda yangu. Ya kwanza niliipenda mno; niliinywesha kama mtoto mchanga. Ikawa nyeusi kutoka chini, ikainama vilevile kabisa. Nikatafuta wa kumlaumu, maana damu ni ya mama yangu. Lakini nyumba yangu ina ukuta wa matofali na vipande vya chupa juu. Nani ameingia? Ni mimi tu na ndoo yangu. Nilikaa chini kwenye udongo, nikalia kama mjinga.

Ya pili nimeipa mawe, majivu na jua, nikaiacha. Sasa inanifika kiunoni, na nasema bila aibu, hakuna kama hiyo Kamina nzima. Lakini mama yuko kaburini, na Mama Ngoie naye, wanasema, yuko kaburini. Habari hii ya ndoo nimpelekee nani?

Jirani wa siku hizi ananisalimia vizuri sana getini, bonjour maman, na salamu tamu namna hiyo zinanitia mashaka. Jina lake silijui. Zamani jirani alijua kilicho chunguni mwetu, akakisema vibaya, kisha akaja kukila. Huyu hajawahi kunisema hata neno moja. Siku nikianguka huku bustanini, nguo zangu zitalowa mvua kwenye kamba, na yeye hataona. Ukuta ni mrefu.