Cherehani cha Sumie Hakitoki

Lori la kununua vitu vikuukuu lilikuwa limesimama mlangoni, injini inaunguruma. Mitsue ndiye aliyeliita. Mama yake, Sumie, alifariki majani yalipoanza kudondoka, na cherehani chake bado kilikuwa kwenye chumba cha mbele: chuma cheusi kilichoundwa hapahapa Osaka, maua yake ya dhahabu yamefutika pale mkono wa Sumie ulipozoea kulala.

"Hakitoki," akasema Tokuji.

"Baba, umeezeka vigae miaka hamsini. Hata kifungo hujawahi kushona. Cha nini?"

"Cha kushonea."

"Haya, shona! Ukipata mstari mmoja, namrudisha mwenye lori. Ila leo tarehe nane Desemba, siku ya kupumzisha sindano. Mama angekugombeza."

"Na agombeze."

Akavuta kiti. Akaliweka koti lake la kazi, lililochanika kwapani, chini ya sindano, akakanyaga. Uzi ukajisokota, ukakatika. Mitsue akacheka. Tokuji akatunga upya, akakanyaga. Ukakatika tena.

Akafumba macho. Hakuwahi kumtazama Sumie akishona; alikuwa akimsikia tu, amejilaza, amempa mgongo. Kwanza kofi dogo, pap, ndipo miguu. Kofi la nini? Akafumbua macho, akaliangalia gurudumu la mkono wa kulia. Akalipiga, likazunguka likimjia yeye. Akakanyaga.

Sauti ile ikajaa chumba kizima. Mitsue akaacha kucheka.

Penye mshono mnene wa kwapa sindano ikavunjika. Tokuji akaenda jikoni, akarudi na kipande cha tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa, cha chakula cha mchana kwenye sahani, akaichomeka ile sindano katika ule ulaini mweupe, kama Sumie alivyofanya kila mwaka siku hii kuzishukuru sindano zilizochoka. Akaiweka mbele ya picha ya Sumie.

Mitsue akaliinua koti.

"Umepinda kama nyoka," akasema.

"Umepinda. Si mstari mmoja?"

Mitsue akafuta macho kwa kiganja, akatoka nje kwa mwenye lori.

"Samahani, kaka. Cherehani hakiuzwi. Kina mwenyewe."

"Si uliniambia mama amefariki?"

"Kina mwenyewe, nimekwambia!"

Ndani, Tokuji alikuwa anapekua droo, anatafuta sindano nyingine.