Mji wa Baba Kijitabuni

Harufu ya jiko la mafuta ya taa hunirudisha kwenye chumba chetu cha London, ambacho dirisha lake liligandishwa na rangi, halifunguki. Humo mimi na Mama tulisubiri kumfuata Baba Kanada. Alikuwa ametuma kijitabu cha mji wake mdogo, katikati ya mashamba ya ngano. Mama aliamini afisa wa viza atatuuliza yaliyomo.

“Haya, anza.”

“Reli ilitangulia, mji ukafuata. Jengo refu kuliko yote ni ghala la ngano. Mama, nimechoka.”

“Utapumzika tukifika.”

Afisa aliniuliza jambo moja tu: baba yako yukoje? Baba aliondoka nikiwa bado tumboni.

Ndani ya basi Mama alifoka, “Mbona hukujibu?”

“Hilo hukunifundisha, Mama.”