Siku Moja ya Kujaribiwa Jinja

Siku yangu ya kwanza kazini Uganda sikuwa na kazi. Nilikuwa na shifti ya majaribio, yaani siku moja ya kuhudumia wateja huku Meneja akikutazama, ndipo aamue kama unafaa. Hoteli ilikuwa Jinja, upande wa Nalufenya. Nilikuwa nimetoka Kakamega nikimfuata mume wangu, fundi wa kiwandani, na kiwanda kilikuwa kimepunguza watu. Mume wangu alitaka turudi tukakae kwa mama yake. Yeyote aliyewahi kupika katika jiko la mama mkwe wangu atanielewa: nilimwomba wiki moja. Nikipata kazi, tunabaki. Nikikosa, tunarudi.

Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimehudumu mezani Eldoret kwa muda mrefu. Nabeba sahani tatu kwa mkono mmoja, na stesheni yangu, zile meza anazokabidhiwa mhudumu mmoja, haikuwahi kukaa na chombo kichafu. Kazi ni kazi, nikajiambia, hata ng'ambo ya mpaka.

Nilipoingia, Meneja, mwanamume mpole mwenye tai fupi, akanipa mkono. "Webale kukola, nyabo," akasema, yaani asante kwa kufanya kazi, mama. Nilikuwa bado nimeshika mkoba. Mpishi naye akanishukuru. Mfagizi akanishukuru. Nikajiuliza kama wamenichanganya na mtu mwingine, maana kwetu shukrani hungoja jasho.

Saa sita wateja wakajaa. Meza ya kwanza alikaa askari magereza, sare imepigwa pasi.

"Kuku iko?"

"Yupo, afande. Kwa ugali au kwa wali?"

"Ndiyo."

"Ndiyo ipi, afande?"

"Mama, leta chakula!"

Nikarudi jikoni kichwa kinazunguka. Kagoya, mhudumu mwenzangu, Msoga wa palepale Jinja, akanicheka. "Mukenya, hapa mutu anachagua mchuzi tu. Chakula inakuja yote." Na kweli, mpishi alipakua matoke, wali, posho, ambayo ndiyo ugali wetu, viazi vitamu na kipande cha boga, vyote sahani moja, kuku akakaa kwenye bakuli lake. Niliona haya kumpelekea mtu mzima mlima ule. Afande aliumaliza, akauliza kama kuna muhogo.

Kisha akaja Jaja, yaani bibi, mama mzazi wa Dairekta, ambaye ndiye mwenye hoteli. Alivaa gomesi ya kijani, gauni refu la heshima la huku. Nikachukua jagi na beseni nikamnawisha mikono kama nilivyofundishwa: wima, mgongo umenyooka, taulo mkononi. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kilemba. Nilijua nimekosea, ila kosa lenyewe sikuliona.

"Unasimama juu ya Jaja kama polisi!" Kagoya akaninong'oneza jikoni. "Piga magoti."

"Nimpigie nani?"

"Watu."

"Watu gani?"

Kagoya akafikiri. "Utajua tu."

Sikujua. Nikaona heri nizidishe kuliko nipunguze, kwa hiyo mteja aliyefuata nilimpigia magoti yote mawili, sinia mkononi. Kumbe alikuwa dereva wa lori, kijana wa Webuye, umri wa kitinda mimba wa mama yangu. Aliruka kitini. "Mama, umeangusha nini?" akasema, naye akashuka chini, akaingiza kichwa chini ya meza, akaanza kupapasa sakafu. Nilishindwa kumwambia hakuna kilichoanguka. Basi nikaweka sinia mezani, tukatafuta pamoja, Wakenya wawili sakafuni, supu ikipoa juu yetu. Jaja alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilitaka kulia kweli.

Jioni nikasimama mbele ya Meneja nikingoja hukumu. Alinitazama kwa upole uleule. "Webale nnyo kukola, nyabo," akasema, safari hii asante sana.

"Asante, Meneja. Kwa hiyo kesho?"

Akainua nyusi. "Kale," akasema, yaani sawa.

Nilikwenda nyumbani mbio, nikamwambia mume wangu afungue mizigo aliyokwisha kuifunga. Asubuhi nilifika mapema. Meneja alinikuta nakunja vitambaa vya meza. Akasimama kidogo, akanishukuru kwa kazi, akaingia ofisini.

Miaka ikapita. Dairekta alipofungua tawi Mbale, mtaa wa Malukhu, alinipeleka kuwa msimamizi wa ukumbi, mkubwa wa wahudumu wote. Nilikuwa chini ya Meneja wa Tawi, mama wa Kigisu asiyependa maneno. Alionja kila supu kabla haijatoka jikoni. "Rudisha," alikuwa akisema, na ukiuliza kwa nini, anaendelea na kazi zake. Nilifundisha wasichana wengi kutoka Namatala, wengine hawajawahi kushika sinia. Lakini habari ya magoti sikuimaliza kamwe. Walikuja wazee waliokasirika nisipopiga, na mabinti wa chuo waliokasirika nikipiga. Siku hizi magoti yenyewe yamekataa.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, yule Meneja wa Jinja alikuja na mkongojo wake. Nikamuuliza, "Bwana Meneja, siku ile niliharibu kila kitu. Mbona uliniajiri?"

Akaweka soda chini. "Mimi? Mimi sikukuajiri, nyabo. Ile webale nnyo ya jioni, nilikuwa nakuaga. Asubuhi nakuta uko. Nikasema, basi Dairekta ndiyo amemuchukua. Nani ataenda kuuliza mukubwa?"

Tukamgeukia Dairekta. Alikuwa na keki mdomoni. Akatikisa kichwa polepole, akamnyooshea Meneja kidole.

"Mimi nilizani ni wewe."

Ukumbi mzima ulicheka, nami nikacheka nao. Halafu nikatoka nje nikakaa peke yangu na hofu iliyochelewa miaka yote hiyo.

Vijana wanaotafuta kazi ugenini hutaka niwaambie wajifunze kwanza adabu za wenyeji. Ni kweli, jifunzeni. Ila mimi ningezijua siku ile, ningeelewa kwamba nimeagwa, na watoto wangu wangekulia katika jiko la bibi yao.